Jagi la Lita Moja

NEEMA: Jumamosi iliyopita nilipika bia niliyokusudia ianze na graviti, yaani uzito wa maji ya kimea yenye sukari ukilinganishwa na maji matupu, ya 1.050 katika lita 20, na nilipotumbukiza haidromita, kipimo kinachoelea cha kupimia graviti hiyo, ikaelea kwenye 1.045. Mnaotufuata mnajua kwamba nimekuwa nikikosa graviti ya mwanzo kwa kiasi hicho hicho karibu kila ninapopika, na ndiyo maana leo tulipanga kueleza sababu tano zinazoishusha. Naomba nianze na lililonipata, kisha tuingie katika hizo tano.

BARNABA: Kabla hujaendelea, dada, ulipima yakiwa na joto kiasi gani? Maji ya kimea yenye nyuzi 60 huifanya haidromita iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuzi 20 isome pungufu kwa takriban pointi 15, pointi moja ikiwa ni 0.001 ya graviti, na wengi hukilaumu kimea kwa kosa ambalo lingeondoka kwa kusubiri tu sampuli ipoe.

NEEMA: Yalikuwa yamepoa hadi nyuzi 20, na niliyakoroga hadi chini kabla ya kuchota. Haidromita nayo niliijaribu mara mbili: katika maji yaliyokenekwa ilisoma 1.000, na katika mchanganyiko wa gramu 100 za sukari na gramu 900 za maji ikasoma 1.040, kama inavyopasa.

BARNABA: Basi mimi nashuku kuparaza. Punje zinazopita kwenye kinu bila kupasuka huuficha wanga wake, na hata ukiloweka kimea saa nzima katika nyuzi 66, maji hayaufikii.

NEEMA: Nami nilishuku hivyo hivyo, nikayachambua machicha juu ya sahani, kiganja kizima. Kila ganda lilikuwa wazi, na ndani hapakubaki ule weupe wa unga. Wakati wa kuloweka nilikuwa nimedondosha pia tone la ayodini kwenye kijiko cha maji ya kimea, na halikugeuka bluu iliyokoza, maana yake wanga ulikuwa umekwisha kuwa sukari. Nilibaki nimesimama jikoni, hamira mkononi, ndipo macho yangu yakaangukia jagi.

BARNABA: Jagi lipi?

NEEMA: La lita moja, ambalo nililitumia zamani kuitia sufuria yangu alama. Nilimimina jagi baada ya jagi, na kila baada ya matano nikakwaruza mstari kwa msumari ndani ya sufuria. Usiku ule nililiweka tupu kwenye mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikalijaza kama nilivyolijaza siku ile, yaani hadi ukingoni. Mizani ikasoma gramu 1,100. Mstari wa lita moja uko chini ya ukingo kwa upana wa kidole, nami sikuwahi kuutazama.

BARNABA: Kwa hiyo mstari wako wa 20 ni lita 22.

NEEMA: Lita 22 kamili. Pointi 50 mara lita 20 ni 1,000. Gawanya kwa 22, unapata 45 na ushei. Sukari yote niliyoitarajia ilikuwemo sufuriani, haikupotea hata chembe, ila ilikuwa imetandazwa katika maji mengi kuliko nilivyodhani. Nami kwa muda wote huo nilikuwa nimekaza kinu, nimerefusha kuloweka kutoka dakika 60 hadi 90, na nimebadilisha maji.

BARNABA: Hili la ujazo linanigusa, kwa sababu ndilo tunalolipita haraka kuliko yote. Je, mstari huo uliusoma yakichemka au yakiwa yamepoa? Kimiminika kinachochemka kimetanuka kwa takriban asilimia 4, kwa hiyo lita 25 zilizo motoni hubaki 24 zikipoa.

NEEMA: Yalikuwa yamepoa, na sufuria ilikuwa sakafuni. Nilipoiweka juu ya jiko, ambalo limeinama kidogo, mstari mmoja ulisoma tofauti upande huu na upande ule.

BARNABA: Na iwapo sufuria imebonyea chini, alama zote zilizo juu ya pale huhama. Njia ninayoiamini ni kuimimina lita kwa uzito: kilo moja ya maji baridi huchukuliwa kuwa lita moja, na kosa lake ni dogo mno kwa kazi yetu. Haidhuru jagi lina umbo gani, mradi mizani iseme kilo.

NEEMA: Ndivyo nilivyoikwaruza upya, kwa mizani, lita mbili mbili.

BARNABA: Na ile bia ya 1.045 uliifanyaje?

NEEMA: Niliitia hamira kama ilivyo.

BARNABA: Hapo ndipo mimi na wewe tunaachana. Kwa lita 22, pointi 5 zilizopungua ni pointi 110 kwa jumla, na gramu 300 za dondoo kavu ya kimea, yaani sukari ya kimea iliyokaushwa ikawa unga, zingezirudisha zote. Ungechemsha unga huo katika maji kidogo, ukapoza, ukamimina. Bia inayoshuka hadi 1.011 kutoka 1.045 ina kilevi cha asilimia 4.5 hivi, uliyoikusudia ingefika 5. Anayekunywa hajui hesabu yako ya sukari iliyotandazwa, anajua tu kwamba bia ni nyepesi.

NEEMA: Lakini hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, nilizipima kwa lita 20, kwa hiyo uchungu nao umepungua kwa kiwango kile kile cha kimea. Viwili hivyo bado vinalingana. Nikiongeza kimea peke yake, utamu unapanda na uchungu unabaki nyuma, na nitakuwa nimetengeneza bia ya tatu ambayo sikuikusudia wala sikuipima.

BARNABA: Pointi 5 haziwezi kuuzidi uchungu kiasi cha mtu kuona kasoro. Wepesi wa bia huonekana upesi zaidi.

NEEMA: Kwa ulimi wako. Mimi naona mizani ya ladha kabla ya uzito wa bia.

BARNABA: Ungeweza basi kuchemsha zaidi, lita 2 zivukizwe, na uchungu ukolee pamoja na sukari.

NEEMA: Nilipojua, yalikuwa yamekwisha kupoa. Kuyarudisha motoni kungefukuza harufu ya hopsi nilizotia mwishoni, na harufu hiyo ndiyo niliyoipikia bia hii.

BARNABA: Bado ningetia zile gramu 300.

NEEMA: Nami bado nisingetia.

BARNABA: Fundi wa sauti ananionyesha dakika moja.

NEEMA: Basi kuparaza kwa undani, asidi ya maji ya kulowekea, kusuuza machicha na umri wa kimea vimebaki kwenye karatasi, maana tumemaliza moja tu kati ya tano. Bia yangu inachacha tangu Jumapili asubuhi.

BARNABA: Mimi nikitoka hapa naiweka ndoo yangu kwenye mizani. Alama zake nilizikuta zimechapwa, na sijawahi kuzipima.