Unyayo Unatua Wapi? Mazungumzo na Wakimbiaji wa Mbeya

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, poleni na baridi. Mlima Loleza wenyewe bado umejifunika ukungu, nanyi mmeshafika.

Nianze na mguu wangu mwenyewe. Niliumwa muundi wa kulia miezi minne. Huyu akaniambia chua kwa maji ya chumvi, yule akasema raba zimekwisha. Nikaenda Mwanjelwa, nikachambua mitumba hadi nikapata raba yenye soli nene. Wiki ya pili maumivu ni yaleyale. Siku moja kijana wangu akanirekodi kwa simu nikikimbia, akaichezesha video polepole. Nilipoitazama nikanyamaza. Kisigino kinatua mbali mbele, goti limenyooka kama mpini wa jembe, kiwiliwili kimebaki nyuma. Kila hatua nilikuwa najifunga breki.

Nyie mnayajua malori yanayoshuka Iwambi. Breki ikishikiliwa muda mrefu, inafuka moshi. Mguu haufuki moshi, unauma tu.

Tupige hesabu kidogo. Mguu unapotua, ardhi inaurudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 tumwekee mara mbili na nusu: kilo 175. Hiyo ni mifuko mitatu na nusu ya mbolea, juu ya mguu mmoja. Hatua yako ikiwa mita moja, kilomita 10 ni hatua 10,000, yaani 5,000 kila mguu. Mwili wenye afya unaubeba mzigo huo, tena unaimarika nao. Taabu ni pale unapotua vibaya, halafu kilomita ukaziongeza ghafla kwa sababu marathoni iko mwezi ujao.

Sasa namna ya kujitazama. Kimbia kwanza dakika kumi, maana mtu akijua anarekodiwa anakimbia kama bwana harusi. (Kicheko.) Mwenzako asimame ubavuni, simu usawa wa nyonga, usiishike kichwani. Isimamishe video pale unyayo unapogusa chini, kisha tazama goti. Ukiona kifundo cha mguu kiko karibu chini ya goti, endelea na maisha yako. Kikiwa kimelitangulia goti sana, ndilo tatizo nililokuwa nalo mimi.

Kisha urekodiwe kwa nyuma. Funga mkanda juu ya mifupa ya nyonga. Ukisimama kwa mguu mmoja na upande wa pili wa mkanda ukadondoka, misuli ya pembeni ya nyonga na matako imelegea, na goti huvutwa ndani. Angalia pia kama nyayo zinapishana, kana kwamba unatembea juu ya kamba. Mikono siizungumzii sana. Wengi wanahangaika na mikono wakati kasoro iko chini.

Kuna swali naulizwa kila mara: nitue kwa kisigino au kwa vidole? Jibu langu huwaudhi watu: tua unavyotua. Hakuna namna moja iliyothibitika kuwa bora kwa kila mtu. Ukihamia vidoleni, goti linapata nafuu lakini mzigo unahamia kwenye shavu la mguu na ile kano nene ya juu ya kisigino. Nimemwona kijana aliyebadilisha kwa wiki moja. Alichechemea miezi miwili.

Mimi kilichonisaidia ni kuongeza idadi ya hatua. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30, zidisha kwa nne. Mimi nilipata 39, yaani 156 kwa dakika. Wengi mmesikia kwamba lazima ufikishe hatua 180 kwa dakika. Ilianzia kwa kocha Mmarekani, Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wale walikuwa mashindanoni, wanakwenda kasi; msiigeuze amri. Ongeza asilimia tano tu, kwa kasi ileile. Mimi nililenga 164. Hatua zinakuwa fupi, mguu unatua karibu na mwili, na utafiti umeonyesha kuwa mzigo wa goti na nyonga unapungua. Anza na dakika mbilimbili katikati ya mazoezi. Mwanzoni utajiona kama kuku anayekimbia mvua, vumilia.

Na sisi wa milimani tuna jambo letu. Watu wanajisifia kupanda Isyonje, lakini kinachowaumiza zaidi ni kushuka kwenda Tukuyu. Kwenye mteremko msuli wa paja unafanya kazi huku ukivutwa, ndiyo maana kesho yake ngazi zinakushinda. Usiegemee nyuma, ukiegemea nyuma, kisigino kinatangulia. Fupisha hatua, ziwe za harakaharaka.

Mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Kilomita 42 na ushee, tofauti haifiki kupepesa jicho. Nikiyakumbuka yale, nazifikiria breki zangu ndogondogo za kila hatua.

Maumivu ya mfupa sehemu moja, yanayokuamsha usiku, hayo si ya video. Acha kukimbia, nenda hospitali.

Haya, nani simu yake ina chaji? Twendeni barabarani kabla bajaji hazijawa nyingi. Mzee wa kofia nyekundu, tutaanza na wewe. Dada, mpe mkanda.