Ini Limeingiliwa, Lakini Chanzo ni Ngozi

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine habari za jioni. Kabla hatujaenda mbali tuelewane jambo moja, maana hapa ndipo familia nyingi hupotea. Mgonjwa wa melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi, akikutwa na vivimbe kwenye ini, hana saratani ya ini. Ana saratani ya ngozi iliyohamia ini. Kinyama kikipimwa maabara, seli zinazoonekana ni zile zile za rangi ya ngozi, na dawa huchaguliwa kwa asili ya seli, si kwa mahali zilipotua.

Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alikatwa kipande cha ini Agosti 2015, akiwa na miaka 90. Majibu yakasema melanoma, na ubongoni yakaonekana madoa manne madogo. Akapigwa mionzi kichwani, akatundikiwa dripu za pembrolizumabu. Desemba ile ile akatangaza kwamba picha hazionyeshi tena saratani. Amefariki Desemba 2024, ametimiza miaka 100.

Dawa hiyo haiui saratani kwa mkono wake. Askari wetu wa kinga mwilini, ziitwazo seli T, wana breki iitwayo PD-1. Uvimbe huikanyaga, askari wakapoa. Dawa huuondoa ule mguu kwenye breki.

Sitawaficha, si kila mtu hupona kama Carter, na ini ni pagumu zaidi. Limezoea kuvumilia vitu vigeni vinavyotoka tumboni kila siku, kwa hiyo kinga yake ni ya upole. Ndiyo maana mara nyingi madaktari huunganisha dawa mbili za kuachia breki za kinga, nivolumabu na ipilimumabu. Nguvu huongezeka, na madhara vilevile: kinga iliyoachiwa inaweza kuuvamia utumbo, au ini lenyewe. Mgonjwa akiharisha mara tano, sita kwa siku, msimpe dawa ya kufunga tumbo mkalala. Mpigieni daktari siku hiyo hiyo, huenda anahitaji steroidi, dawa za kuituliza kinga. Wale ambao uvimbe wao una hitilafu ya jeni iitwayo BRAF wana vidonge vyao pia.

Bei ya dawa hizi ni mzigo usiobebeka kwa wengi wetu, na hilo linaniuma sana. Kwa hiyo nawasihi tuuwahi ugonjwa ukiwa bado kwenye ngozi. Kwetu weusi melanoma huanzia sana unyayoni na chini ya kucha, na mtu huweza kulipaka doa dawa ya fangasi miezi mingi. Usiku huu mkinawa miguu, geuzeni nyayo mzitazame kwenye mwanga, za bibi na babu kwanza, maana wao hawaziinamii tena.