Jinsi ya Kuzima Redio ya Kadi ya Wi-Fi Kupitia Draiva

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunazima redio ya kadi ya Wi-Fi kwenye kompyuta, na tunaizimia kwenye draiva yake, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha kadi.

Kabla hujagusa kitu, tuelewane. Wengi wetu tukishakata mtandao tunadhani kadi imelala. Haijalala. Ile kadi ni redio kamili, inapokea na kurusha mawimbi, na hata kama hujaunganishwa popote inaendelea kuita kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na 5 ili ikuandalie orodha ya mitandao. Inakula betri, na kila inapoita, mwenye kifaa cha kunasa mawimbi aliye karibu anaweza kujua kwamba upo. Kama tayari unatumia waya wa intaneti, kelele zote hizo za nini?

Haya, twende. Hapa natumia Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, achia, kisha bonyeza M. Limefunguka dirisha la Device Manager. Shuka mpaka Network adapters, bofya kimshale cha pembeni, halafu utafute mstari wenye neno Wireless au Wi-Fi. Usikurupuke hapa, maana kadi ya waya nayo imo humo humo. Ukiizima hiyo kwa bahati mbaya, waya wako hautakusaidia kitu.

Umeupata? Bofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Disable device. Karibu yake kuna Uninstall device. Hiyo iache kabisa, tafadhali. Disable inaisimamisha kadi na kuacha kila kitu mahali pake. Uninstall inaing'oa draiva, na ukiwasha kompyuta upya Windows huigundua kadi, ikairudishia draiva, na redio ikaanza kuita tena. Utakuwa umejisumbua bure.

Ukiulizwa kama una uhakika, bofya Yes. Sasa nakuza skrini, tazama hapa: kwenye kialama cha kadi pametokea kimshale kidogo kinachoelekea chini. Ukikiona hicho, redio imezimwa.

Kuna watakaosema si bora kuwasha hali ya ndege? Hali ya ndege kwa kawaida huzima na Bluetooth, na kipanya changu hiki kinategemea Bluetooth. Ndiyo maana napenda njia ya draiva, inagusa kadi moja tu.

Wa Linux, fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, andika rfkill block wifi, kisha rfkill list. Chini ya kadi yako ukisoma Soft blocked: yes, imezimika. Hard blocked nayo ikisema yes, hapo kwa kawaida kuna swichi yenyewe kwenye mwili wa kompyuta, na amri ya rfkill haitaifungua. Itafute kwa kidole.

Tahadhari kubwa: kama kompyuta hiyo unaiendesha ukiwa mbali, kupitia Wi-Fi hiyo hiyo, usiguse. Ukizima tu, umejifungia nje, mpaka mtu aifikie mashine kwa miguu.

Kuiwasha tena, rudi kwenye mstari ule ule, kitufe cha kulia, Enable device. Kwenye Linux ni rfkill unblock wifi. Subiri sekunde chache, orodha ya mitandao itajaa tena.