Maji ya Ncha ya Kusini Chini ya Bahari Yetu

Mhadhara kwa wanafunzi, walimu na wakazi wa Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, walimu wa sekondari mliotoka Chamwino na Bahi, pamoja na wakazi wote wa jiji hili mlioacha shughuli zenu jioni hii, ninawashukuru kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie bahari za ncha za dunia, nami nimechagua kuanzia chini, yaani kwenye sakafu yake, kwa sababu ninaamini kwamba mengi yaliyo makubwa huko hayatendeki juu ya barafu. Dubu weupe na pengwini wamekwisha kupigwa picha za kutosha. Hoja yangu ni kwamba baridi ya ncha ya kusini haibaki kusini: inazama, inatambaa juu ya sakafu ya bahari kwa maelfu ya kilomita, na sehemu yake inafika katika vina vya Bahari ya Hindi vilivyo mbele ya pwani yetu wenyewe. Kwa hiyo anayetaka kuifahamu bahari ya Tanga, Lindi na Mtwara hadi chini kabisa, hana budi kwanza aifahamu Antaktiki.

Kaskazini nitapita haraka. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, ilhali Antaktiki ni bara lililozungukwa na bahari, na tofauti hiyo moja inaeleza mambo mengi. Kwa kuwa hakuna nchi yoyote inayoukatiza, mkondo wa bahari unaolizunguka bara la kusini hujizungusha bila kukoma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndio mkondo wenye nguvu kuliko yote duniani. Juu yake, kila mwaka, barafu ya bahari hutanuka kutoka eneo la kilomita za mraba kama milioni 3 mwezi Februari hadi kufikia takriban milioni 18 mwezi Septemba, kisha hupungua tena. Tanzania nzima haifiki hata kilomita za mraba milioni moja.

Kuganda huko ndiko kunakoendesha mambo. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, na yanapoganda huitema chumvi yake. Kila aliyewahi kununua barafu ya ubuyu hapa mjini ameliona jambo hili mkononi mwake: pembeni mwa kifuko panakuwa na barafu nyeupe isiyo na ladha, na sukari pamoja na rangi vinasukumwa vikakusanyika katikati. Baharini chumvi iliyotemwa haina pa kukusanyika ila katika maji yaliyo chini ya barafu, na maji hayo, yakiwa yamekwisha kupoa sana, yanaongezewa chumvi na kuwa mazito kuliko yote yaliyo jirani. Hapo huanza kuzama. Katika sehemu kama Bahari ya Weddell na Bahari ya Ross, zilizo kando ya bara hilo, upepo mkali unaoteremka kutoka barani huisukuma barafu mpya mbali na ufuko mara tu inapotokea, maji yakabaki wazi, yakaganda tena, yakatema chumvi tena, na hivyo majira yote ya baridi. Ni viwanda vya maji mazito, na vinafanya kazi gizani.

Maji hayo huteremka kwenye miteremko ya bara hadi sakafuni, kisha huanza safari ya kaskazini yakifuata mabonde ya chini ya bahari, na njiani huchanganyika na maji mengine ya vilindi. Tawi linalotuhusu hupita mashariki ya Madagaska, likapenya katika mlango wa chini ya bahari ulio karibu na visiwa vya Amirante vya Shelisheli, na kuingia katika bonde kubwa la Somali, ambalo ndilo bonde lililo mbele ya pwani ya Tanzania. Mvuvi anayeoga katika maji ya Kilwa anaoga katika maji yenye joto la nyuzi zaidi ya 25, lakini mita 2,500 chini, katika vina ambamo visima vya gesi asilia vilichimbwa mbali na ufuko wa kusini, joto la maji linakaribia nyuzi 2 tu. Watu wengi hudhani kuwa baridi hiyo inatokana na kukosekana kwa jua pekee. Kukosekana kwa jua kunaeleza kwa nini maji hayapati joto, hakuelezi yalikopoa. Yalipoa kwenye bahari za ncha.

Pamoja na baridi, maji hayo hubeba hewa. Maji ya bahari yaliyo karibu na kuganda huweza kuyeyusha oksijeni karibu mara mbili ya ile inayoweza kuyeyushwa na maji ya joto ya pwani ya tropiki. Oksijeni hiyo inateremka nayo, na ndiyo inayowawezesha majongoo bahari, minyoo na samaki wa vilindini kupumua mahali ambapo hakuna mwani wala jani lolote la kuitengeneza. Ingekuwa maji mazito hayazami huko ncha, vilindi vya bahari nyingi vingekuwa na uhai haba mno.

Katika karne ya 19 wapo wataalamu walioamini kwamba uhai huko haupo kabisa. Mwaka 1843 Edward Forbes wa Uingereza, baada ya kuvua katika Bahari ya Aegean na kuona viumbe wakipungua kadiri alivyoshusha zana zake, alikadiria kwamba chini ya mita 550 hivi hakuna kinachoishi. Makadirio hayo yalikubaliwa kwa miaka mingi, ingawa tangu mwaka 1818 John Ross, akipima kina katika Ghuba ya Baffin kaskazini, alikuwa amekwisha kupandisha minyoo iliyokuwa katika tope la vilindini, pamoja na kiumbe wa jamii ya kiti cha pwani aliyejishika kwenye kamba yake. Ushahidi ulikuwepo, ila ulitoka kwenye maji ya barafu, na nadhani hakuna aliyekuwa tayari kufundishwa uhai na maji ya barafu.

Sasa naomba tukae kidogo na samaki mmoja. Wavuvi wa nyangumi wa Norwe waliofanya kazi katika kisiwa cha Georgia Kusini walikuwa wakisimulia juu ya samaki asiye na damu. Johan Ruud, aliyesikia habari hizo akiwa bado mwanafunzi, hakuzisadiki. Lakini mwaka 1927 Mnorwe mwenzake, Ditlef Rustad, alikuwa amemvua samaki wa namna hiyo karibu na kisiwa cha Bouvet, na hatimaye Ruud mwenyewe akaenda kusini kuchunguza. Mwaka 1954 akatangaza kwamba wavuvi walisema kweli. Damu ipo, lakini haina rangi nyekundu, kwa kuwa haina hemoglobini, yaani ile protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu. Ukimfungua samaki huyo, matamvua yake ni meupe kama maziwa, ngozi yake haina magamba, na damu inayotiririka inapitisha mwanga. Ndiye mnyama pekee mwenye uti wa mgongo, yeye na jamii yake, anayeishi hivyo hadi utu uzima.

Anaishije? Oksijeni huyeyuka moja kwa moja katika maji ya damu yake, jambo ambalo lisingetosha katika bahari ya joto, lakini linawezekana pale ambapo maji yenyewe yamejaa oksijeni na mwili hauna haraka. Hata hivyo analipa gharama: moyo wake ni mkubwa kupita kawaida, mishipa yake ni mipana, na kiasi cha damu anachosukuma ni kikubwa kuliko cha samaki wengine wa ukubwa wake. Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba ni ustadi mtupu wa maumbile. Mimi naiona zaidi kama hasara iliyovumilika kwa sababu mahali palikuwa baridi. Ustadi wenyewe uko kwingine katika ukoo huo. Arthur DeVries, katika miaka ya 1960, alibaini kwamba samaki hawa wana protini maalumu katika damu, ambazo hujishika kwenye chembe za barafu zinazoingia mwilini na kuzizuia zisikue. Bila protini hizo samaki angeganda, kwa sababu maji anamoogelea ni ya baridi kuliko kiwango ambacho damu ya samaki wa kawaida huganda.

Mwezi Februari 2021 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilikuwa ikikokota kamera mita chache tu juu ya sakafu ya Bahari ya Weddell, kwenye kina cha mita 420 hadi 535, chini ya barafu. Walichotarajia watafiti ni tope na sifongo. Walichokiona ni kiota: shimo la duara lenye upana wa sentimita 75 hivi, lililosafishwa tope hadi changarawe zikaonekana, na ndani yake mayai, na juu ya mayai samaki mzima wa jamii hiyo isiyo na hemoglobini akiwa amelinda. Kisha kiota kingine. Kisha vingine, saa baada ya saa, kamera ikikokotwa. Walipokadiria ukubwa wa eneo walipata kilomita za mraba zipatazo 240 na viota kama milioni 60, kila kimoja kikiwa na wastani wa mayai 1,735. Ni makazi makubwa kuliko yote ya samaki wanaozaliana yaliyowahi kujulikana. Maji ya pale yalikuwa na joto lililozidi la sakafu ya jirani kwa hadi nyuzi 2, na inaelekea samaki waliifuata tofauti hiyo. Sili wa Weddell nao walikwisha kulijua eneo hilo. Inaelekea wao huzamia huko kula.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi Machi 2022, katika bahari hiyohiyo, ilionekana meli Endurance ya mpelelezi wa Antaktiki, Ernest Shackleton, iliyobanwa na barafu ikazama Novemba 1915. Iko kwenye kina cha mita 3,008, na imejaa anemoni na sifongo, lakini mbao zake hazikuguswa. Jina la meli linasomeka nyuma yake. Mafundi wa majahazi wa Pwani yetu, waliozoea kupaka shahamu na chokaa sehemu ya chombo inayokaa majini ili kuwazuia viumbe wanaotoboa mbao, wangestaajabu. Maelezo ni mepesi: Antaktiki haina miti tangu zamani mno, kwa hiyo viumbe wa kula mbao hawana riziki huko. Watafiti walikuwa wamelithibitisha hilo kabla meli haijaonekana. Waliweka vipande vya mbao na mifupa ya nyangumi sakafuni kwa miezi 14. Mbao zilirudi nzima, na mifupa ikarudi imefunikwa na minyoo inayoishi kwa kula mifupa.

Mifupa ya nyangumi, basi, ndiyo riziki inayojulikana kule chini. Na nyangumi hao ni wageni wetu pia. Katika miezi hii, kuanzia Julai hadi mwishoni mwa Oktoba au zaidi, nyangumi wenye nundu hupita Mtwara, Mafia na Zanzibar, wakija kuzaa na kunyonyesha katika maji ya joto. Hapa hawali kwa kiasi cha kutaja. Mafuta wanayoishi kwayo waliyapata kusini kwa kula krili, kiumbe anayefanana na uduvi, mwenye urefu wa sentimita 6, ambaye makinda yake hujilisha mwani unaoota upande wa chini wa barafu ya bahari. Kwa hiyo maziwa anayonyonya mtoto wa nyangumi karibu na Mnazi Bay yametokana na barafu ya Antaktiki. Mara nyingi husemwa kwamba watalii wanaolipa kuwaona nyangumi Zanzibar wanatazama utajiri wa bahari ya Zanzibar. Kwa hesabu ya chakula, wanatazama utajiri wa bahari nyingine.

Niseme sasa kuhusu mabadiliko. Mwaka 2023 barafu ya majira ya baridi kusini iliishia chini ya kilomita za mraba milioni 17, kiwango kidogo kuliko vyote vilivyopimwa na satelaiti kabla ya hapo. Mwaka huohuo watafiti walieleza kwamba maji baridi ya sakafu ya Bahari ya Weddell yamepungua ujazo kwa zaidi ya asilimia 20 katika miongo mitatu, kwa sababu upepo umebadilika na barafu mpya inayotengenezwa karibu na bara ni kidogo kuliko zamani. Barafu ikipungua, chumvi inayotemwa inapungua, na maji yanayozama yanapungua, pamoja na oksijeni yake. Athari hazitafika kwetu kesho, kwani maji ya sakafuni husafiri taratibu mno, kwa miongo na karne. Lakini yatakayofika ndiyo hayo yanayozama sasa.

Kinachonipa moyo ni kwamba ufuatiliaji wa jambo hili haumlazimu mtu kuwa na meli. Mpango wa kimataifa wa Argo una vipimo vipatavyo 4,000 vinavyoelea katika bahari zote, vikizama hadi mita 2,000 na kupanda tena vikituma joto na chumvi ya maji kwa satelaiti. Vile vipya vya vilindi virefu hufika mita 6,000, yaani kwenye maji yenyewe niliyoyazungumza. Takwimu zake hutolewa bure, na nyingi huwa zimewekwa hadharani ndani ya saa 24. Mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti katika bweni la hapa Dodoma huzipata sawa na mtafiti aliye melini. Baada ya maswali nitaifungua ramani ya vipimo hivyo ukutani hapa, na atakayependa aje mbele tutafute pamoja vilivyo karibu na pwani yetu. Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nayakaribisha maswali.