Bastola ya mfukoni: funika triga kwanza, ukubwa wa risasi baadae

(Mazungumzo na wafanyabiashara na wamiliki wa silaha, Mtwara mjini)

Wazee wangu shikamooni, kina mama hamjambo, vijana mambo vipi. Ya leseni sitayarudia, mliopo hapa mnazo au makaratasi yenu yako polisi yanasubiri, na mwenye silaha bila leseni asinisikilize mimi, aende akaisalimishe kwanza. Sasa msimu wa korosho huo unakuja na kila msimu simu yangu inaita kwa swali hilohilo, mwalimu ninunue bastola gani ndogo ya kukaa mfukoni. Hakuna hata mmoja anaeuliza itakaaje huko mfukoni! Na mi jibu langu halijabadilika miaka yote, kabla hujanitajia jina la bastola niambie kwanza triga yake, ile ya kuvuta kwa kidole ifyatue, imefunikwa na nini.

Kuna kisa cha Masasi, wengine mmeshakisikia kwangu, vumilieni maana leo kuna wageni. Mnunuzi wa korosho, mtu mzima, ana leseni, bastola mpya kabisa, kakaa kwenye kijiwe cha kahawa asubuhi na wenzake. Mfuko wa kulia wa suruali una bastola, sarafu, na ufunguo wa pikipiki wenye ile pete kubwa na kikamba. Kahawa imeisha anataka kumlipa kijana wa birika, kanyanyuka nusu, kaingiza mkono mfukoni kutafuta hela, kakamata kikamba cha ufunguo ili autoe njiani, ukagoma. Unajua mtu kitu kikigoma mfukoni anafanyaje, anavuta kwa nguvu. Ufunguo ulikuwa umepenya kwenye lile duara linalozunguka triga. Alipovuta kikamba akawa amevuta triga. Risasi ikapita kwenye nyama ya paja ikashuka kwenye sakafu ya saruji, na pale sakafuni, hatua mbili tu, yule kijana alikuwa amechuchumaa anasuuza vikombe. Saruji iliruka ikampiga usoni. Sarafu zimemwagika, suruali inatoka moshi, mzee wa watu kashika paja haelewi amepigwa na nani, anatazama barabarani kutafuta mwizi.

Alipona, na kijana alipona, lakini silaha ilichukuliwa na maelezo aliandika mpaka mkono ukachoka, na alistahili. Watu wakinihadithia wanaishia kusema mzee alikuwa mzembe. Mi nasema mzee alifanya kile ambacho nusu yenu mmekifanya leo kuja hapa. Triga haiulizi kama ni kidole au ufunguo au kalamu, ikisukumwa vya kutosha inafyatua, basi.

Najua mtu pale nyuma anasema moyoni mi yangu ina sefti, kile kitufe cha kuzuia isifyatue. Sawa, angalia vizuri. Hizi ndogo nyingi za kisasa hazina sefti ya nje kabisa, mfano Ruger LCP, ile ya gramu kama 270 ambayo ilianza kuuzwa 2008 na ikawa maarufu sana Marekani, kinga yake ni ule uzito na urefu wa kuvuta triga tu. Na zile zenye sefti, kale kadude ni kadogo kama kucha, kinasuguana na kitambaa siku nzima unatembea, unapanda, unashuka, jioni ukikagua unakuta kimeshuka chenyewe. Sefti ni ya kusaidia, haiwezi kuwa ndo tegemeo lako la pekee.

Mwingine anasema mi sikoki, yaani siingizi risasi kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, chemba iko tupu. Hapo mimi na wewe tunaweza kuelewana. Ukweli ni kwamba ukitembea na chemba tupu, siku ya balaa utahitaji mikono miwili na muda, na mkono mmoja huenda umemshika mtoto au unakinga panga. Hilo ni kweli na sitalificha. Lakini mtu ambae hafanyi mazoezi, anapiga risasi mara moja kwa mwaka kama anapiga, akiniuliza namwambia acha chemba tupu, hatari ya kujipiga mwenyewe kwako wewe ni kubwa kuliko ya jambazi. Na hata huyo nae bado anahitaji kufunika triga, maana siku moja atakoki akapigiwa simu akasahau.

Na kudondoka je? Hiyo hiyo LCP niliyoitaja, mwaka 2008 huohuo kiwanda chenyewe kiliziita zirudishwe kwa sababu baadhi zilikuwa zinaweza kufyatua zikianguka kwenye kitu kigumu zikiwa na risasi kwenye chemba, wakazirekebisha. Hicho ni kiwanda kikubwa na bastola mpya. Sasa wewe una kile kibastola cha risasi ya milimita 6.35 ulichorithi kwa marehemu mzee, muundo wa John Browning, yule mbunifu wa silaha Mmarekani, wa zaidi ya miaka 100 iliyopita, enzi hizo hawakuwa wanaweka kile kizuizi cha ndani cha pini inayogonga risasi, halafu unatembea nacho kimekokiwa kwenye mfuko wa kanzu! Hapana jamani. Hicho kama ni lazima ukibebe, chemba tupu, hakuna mjadala.

Kwa hiyo holsta, yaani ala ya kuvalisha bastola. Bastola ya mfukoni nayo inavaa holsta, hukohuko ndani ya mfuko, na wengi wenu hamjui kama kitu hicho kipo. Kazi yake ni tatu, kufunika triga yote, kuisimamisha bastola mpini ukae juu isigeuke kichwa chini, na kubaki mfukoni pale unapochomoa. Hio ya tatu watu hawaifikirii, unachomoa bastola inatoka na holsta yake unamnyooshea mwizi pochi. Nje iwe na ngozi ya kukwaruza ishike kitambaa. Na iwe ngumu. Hizi laini za sponji na kitambaa ukizibonyeza kwa vidole triga inabonyea humo humo ndani, hazina maana. Mafundi viatu wetu wa hapa wanaweza kukushonea nzuri tu kwa ngozi nene, lakini usimpelekee fundi silaha yako, chora umbo kwenye mbao, chonga, mpe mbao. Ikiisha kushonwa, toa magazini (kile kikasha cha risasi), hakikisha chemba tupu, tazama tena, kisha ivalishe na ubonyeze kwa nje kwa nguvu usikilize. Ukisikia tiki, holsta hiyo tupa.

Na ule mfuko ukishaingia bastola ni wa bastola peke yake. Funguo, sarafu, simu, tiketi, kiberiti, vyote vihamie upande mwingine. Mke wako ajue, mtoto ajue, hakuna anaeingiza mkono humo kutafuta hela ya sukari.

Halafu kuna mavazi yetu. Mifuko ya kanzu ni mipana na imelala, ukienda rukuu inaning'inia, ukienda sujudu kitu kinateleza kinatoka mbele ya saffu. Ijumaa iache nyumbani imefungiwa, sitaki kusikia kwamba wenye fedha ndo huviziwa msikitini. Na bodaboda, hili linaniumiza sana kwa sababu ndo usafiri wetu wa Nanyamba huko na Tandahimba. Ukikaa kwenye pikipiki mfuko wa mbele unakunjika, mtutu unaangalia ama paja lako ama mgongo na makalio ya dereva alie mbele yako. Kila shimo la barabara unamnyooshea silaha kijana wa watu aliekubeba kwa buku mbili. Na hata ukivamiwa ukiwa umekaa huwezi kuichomoa, jaribu nyumbani ikiwa tupu uone, mkono hauingii. Mtu anaeshinda kwenye pikipiki au kwenye gari amejifunga mkanda, mfuko wa mbele wa suruali haumfai, avae kiunoni kwenye mkanda na shati juu, au atafute namna nyingine. Faida ya mfukoni ni unapokuwa umesimama, unaweza kuweka mkono mfukoni kama mtu yeyote aliesimama zake na mpini ukaushika bila mtu kujua, kidole kikiwa nje ya triga. Hapo mfuko hauna mpinzani.

Sasa haya mnayoyataka ya kuchagua. Ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kupiga, hivyo viwili vinakwenda pamoja. Risasi ileile kwenye chuma chepesi inakurudi zaidi mkononi, mpini unashika vidole viwili, mtutu mfupi hivyo ukikosea kulenga kidogo tu, mbele huko kosa ni kubwa. Ya gramu 270 ukiipiga magazini mbili hutaki ya tatu, na ukishaichukia huifanyii mazoezi. Ndo maana mkono ukiwa mkubwa na suruali zako pana mi nakusukuma kwenye zile za gramu 500 hivi, kama SIG P365 iliyotoka 2018, inabeba risasi 10 na ni za milimita 9 za kawaida. Walther PPK na Makarov ni imara lakini springi zake ni ngumu na ni nzito mfukoni, Makarov inakaribia robo tatu ya kilo, suruali itashuka. Kina mama na wazee wenye mikono isiyo na nguvu ya kuvuta slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma kukoki, ulizeni revolva ndogo ya mfukoni, ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, haina slaidi, au Beretta 21A ambayo mtutu unafunguka juu kama mlango unaweka risasi moja kwa mkono bila kuvuta chochote. Risasi zake ni ndogo, najua, najua. Ila kwa wale wanaodharau hata risasi ya milimita 9 fupi, kama ya LCP, nawakumbusha Sarajevo 1914, mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa kwa bastola ya FN ya risasi hiyohiyo na dunia ikaingia vitani. Risasi ndogo iliyofika mahali pake ni risasi. Kwa hiyo tusipigane kwa milimita, mmenichosha na milimita.

Naona naoneshwa saa. Haraka haraka. Kutu: hapa kwetu bahari na jasho la paja ni sumu, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni na utoe nyuzi za mfukoni kwenye mtutu. Mkoba wa mama: mkoba ukikwapuliwa silaha imekwenda nao, msiweke kwenye mkoba. Watoto: juu ya kabati sio kufungia, kufungia ni kufuli.

Sheria, hili niliandaa kurasa nzima lakini nitasema moja, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 18B inakuruhusu nguvu ya kiasi kinachohitajika kujikinga, sio zaidi. Alieshika simu yako akakimbia kageuza mgongo, huyo huna cha kujikinga nae tena, piga kelele usipige risasi. Mahakamani utaulizwa hilo tu.

Mazoezi ya kuchomoa nilitaka tuyaone kwa vitendo, haitawezekana leo. Mliokuja nazo msizitoe humu ukumbini hata kama mnataka nione, nani kasema "nikuonyeshe kidogo tu"? Rudisha. Wenye vipande vya mbao na ngozi tukutane pale nje chini ya mkorosho, nitawachorea.