Donge la Jeli Kabla ya Mgonjwa: Kupima Joto la Ultrasaundi ya Tiba

Mabibi na mabwana, mafundi wa vifaa vya tiba na wanafunzi wa fiziotherapia mliofika hapa Nairobi, nawashukuru kwa kuja. Nitazungumzia donge la jeli lenye ukubwa wa mkate, kwa kuwa naamini kwamba mashine ya ultrasaundi ya tiba, inayopasha mwili joto kwa mawimbi ya sauti, haipaswi kumgusa mgonjwa kabla joto inalotoa halijapimwa ndani ya donge kama hilo.

Tumezoea kupima nguvu za mashine kwenye maji, na kipimo hicho kina umuhimu wake. Hata hivyo, maji hayafyonzi mawimbi kama nyama inavyofyonza. Yatakuonyesha wati zinazotoka, lakini hayatakuonyesha paja la mgonjwa litapata joto kiasi gani. Jeli inayofaa hupitisha sauti kwa kasi ya karibu mita 1,540 kwa sekunde, kama tishu laini, na huyafifisha mawimbi kwa takriban desibeli 0.5 (desibeli ni kipimo cha upungufu wa nguvu) kwa kila sentimita kwa kila megahezi (mitetemo milioni moja kwa sekunde), yaani kwa megahezi 3 nusu ya nguvu hupotea ndani ya sentimita 2, na kwa megahezi 1 ndani ya sentimita 6. Agari (kigandishi kitokanacho na mwani) na maji pekee havifikii kiwango hicho, ndiyo maana huongezwa unga wa oksidi ya aluminiamu au maziwa mazito ya kopo. Hapo inafaa tuwe waangalifu sana: chembe za unga hutawanya sehemu ya mawimbi, ilhali kinachopasha joto ni kile kilichofyonzwa tu, hivyo jeli inaweza kulingana na nyama kwa ufifishaji na bado ikatoa joto lisilo sahihi.

Gelatini ya kawaida huyeyuka hata kabla ya kufikia joto la mwili, kwa hiyo mimi hutumia agari, ambayo ikishaganda haiyeyuki hadi karibu digrii 85. Hapa kwetu maji huchemka kwenye digrii 94 au 95 hivi kwa sababu ya mwinuko. Zinatosha kuyeyusha agari, ila sufuria isiondolewe motoni mapema.

Donge langu la kwanza nililikoroga kwa haraka. Waya wa kupimia joto uliokuwa chini haukuonyesha badiliko la maana, nami nikailaumu mashine kwa siku mbili, hadi nilipolikata kwa kisu nikakuta viputo vidogo kama mbegu za mchicha vimeyazuia mawimbi juu. Tangu hapo huondoa hewa kwa pampu kabla ya kumimina.

Kwa mawimbi yanayokusanywa mahali pamoja ili kuunguza uvimbe, hutumika jeli angavu ya poliakrilamidi yenye protini ya damu ya ng'ombe. Akrilamidi, malighafi ya jeli hiyo, kabla ya kuganda ni sumu ya neva, kwa hiyo glavu ni lazima. Protini hiyo huiva kama ute wa yai kwenye digrii 60 hadi 70, na penye joto hutokea doa jeupe. Kipande kimoja kiko mezani pamoja na rula. Karibuni mpime wenyewe urefu wa doa lake.