Njia Moja, Mageti Mawili: Mhadhara kuhusu Maegesho na Ujirani

Ndugu zangu, habari za jioni. Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze na majirani wanaotumia njia moja ya gari, na niseme mapema ninachokiamini. Njia ya pamoja ilichorwa kwa ajili ya kupita. Baadaye familia zikakua, magari yakaongezeka, watu wakaanza kuitumia kusimamishia magari, na hakuna aliyemkalisha mwenzake wakayazungumza mabadiliko hayo. Ugomvi mwingi ninaokutana nao unazaliwa hapo, kati ya watu ambao kwa mambo mengine yote ni waungwana.

Tuanze na karatasi. Kabla hujamkabili jirani, toa hati yako na ramani ya upimaji, uangalie njia ile ni ya nani. Kuna hali tatu ambazo kwa macho zinafanana, lakini kisheria zimeachana mbali. Pengine njia yote iko ndani ya kiwanja cha mmoja, na mwenzake ana haki ya kupita tu. Pengine mpaka unaikata katikati, kila mtu anamiliki upande wake na anapita upande wa mwenzake. Au njia ni mali ya wote bila mgawo. Nimekutana na watu waliovutana muda mrefu kwa hoja ya "hapa ni kwangu" na wote wawili hawajawahi kuifungua ramani. Bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na wapimaji, ikiwa imefukiwa au imeng'olewa, mwite mpima ardhi. Msitegemee ukuta, kwa sababu fundi hujenga pale alipoambiwa ajenge.

Sasa hiyo haki ya kupita. Katika sheria za nchi nyingi, aliyepewa kupita kwenye ardhi ya mwenzake amepewa kupita. Kushusha mizigo, kumteremsha mgonjwa, kungoja geti lifunguliwe, hayo kwa kawaida huhesabiwa ndani ya kupita. Kulaza gari hapo usiku kucha ni jambo lingine. Na kanuni hiyo inamfunga mwenye ardhi naye. Njia ni yake, sawa, lakini akiegesha gari lake hapo mwenzake akashindwa kupita, amemnyima kitu ambacho hati imempa. Hili la pili huwashangaza sana wenye viwanja.

Kila kanuni ina pembe zake. Mwaka 2007 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa Uingereza, liliamua kesi iliyotoka visiwa vya Shetland. Nyumba ilikuwa chini ya mteremko mkali karibu na bahari, na gari haliwezi kufika mlangoni. Hati ilisema wenye nyumba wanayo njia ya kufika kwao kutoka barabara kuu, ikanyamaza kabisa kuhusu kuegesha. Malodi walisema haki ya kufika kwa gari mahali kama pale isingekuwa na maana kama gari halina pa kuachwa, kwa hiyo haki ya kuegesha imo ndani yake. Naisimulia kesi hii kwa sababu mbili. Inaonyesha kwamba mahakama huiangalia hati, kisha huiangalia ardhi yenyewe ilivyokaa. Na inaonyesha pia kwamba suala la pa kuweka gari liliweza kupanda ngazi zote za mahakama hadi ile ya juu kabisa. Fikirieni muda, mawakili, na majirani wale wakionana kila asubuhi.

Ndiyo maana mimi nasisitiza futikamba. Chukueni futikamba mkapime njia yenu pamoja, nyote wawili mkiwepo. Gari dogo la kawaida lina upana wa karibu mita 1.8, na ukihesabu vioo vya pembeni linakaribia mita 2. Njia nyingi za pamoja zina upana wa mita 3 hivi. Gari likisimama hapo, hata liwe limebana ukuta, nafasi inayobaki ni ya mtu kupita kwa miguu. Gari lingine halipiti. Gari la zimamoto lenyewe lina upana wa karibu mita 2.5, na mtu wa zimamoto hana muda wa kubisha hodi kuuliza funguo ziko kwa nani.

Kuna mahali watu wanapasahau, na hapo ndipo panapoumiza: kona. Gari likikata kona, tairi za nyuma hazifuati alama za tairi za mbele. Zinabana kwa ndani, kwa hiyo gari linahitaji upana mkubwa kuliko linapokwenda moja kwa moja. Warumi walilijua hili kwa mikokoteni. Katika sheria zao za Mbao Kumi na Mbili, karibu mwaka 450 kabla ya Kristo, njia ya kupita kwenye ardhi ya mwenzako ilitakiwa kuwa na upana wa futi 8 pale iliponyooka, na futi 16 pale ilipopinda. Mara mbili. Basi jirani anapokwambia "mbona nafasi ipo?" naye amesimamisha gari kwenye kona, huenda anasema kweli kwa macho yake. Anaona uwazi. Haoni mzunguko unaohitaji wewe kutoka kinyumenyume.

Niliwahi kusimama na majirani wawili wakifanya zoezi hili. Mmoja alishika mwanzo wa kamba ukutani, mwenzake akaivuta mpaka kwenye bampa ya gari lake mwenyewe. Akaisoma namba, akanyamaza, akairudia kuisoma. Kisha akaingia kwenye gari la jirani, akajaribu kulitoa kwa rivasi huku la kwake likiwa pale pale anapoliacha kila siku. Alipofika kwenye kona akasimama, akateremka, akamwambia mwenzake, "Baba, kumbe unapata shida hivi." Wakachora mstari wa chaki: tairi lisivuke hapa. Wakati wote huo hakuna aliyetaja sheria.

Tukija kwenye mazungumzo yenyewe, chagueni saa. Wakati mbaya kuliko wote ni pale injini inanguruma na mmoja anachelewa kazini. Ondoka zako, rudi jioni, bisha hodi, salimia kama unavyosalimia siku zote, uombe muda. Usiache karatasi chini ya waipa. Karatasi haina sauti, na anayeisoma huipa sauti ya hasira kuliko uliyokusudia. Usimzibe naye ili aonje, kwani katika nchi nyingi kulizuia gari la mtu kwa makusudi kunaweza kukuletea kesi wewe uliyekuwa na haki tangu mwanzo.

Na ukikaa naye, sema jambo lenye saa na siku. "Unaniziba kila siku" atalipinga, atakutajia siku ambayo hakukuziba. "Natoka saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na juzi nimechelewa kumpeleka mtoto" hana la kupinga. Kisha umuulize yeye ratiba yake, umsikilize mpaka amalize. Nimegundua kwamba mtu anayezibwa hachoshwi sana na zile dakika anazopoteza. Anachoshwa na kuomba. Kila asubuhi aende mlangoni kwa mtu mzima mwenzake kuomba apishwe atoke nyumbani kwake! Heshima inaumia. Ukilielewa hilo, utajua kwa nini "si uniite tu nitalitoa" ni jibu linalowasha moto, hata likitamkwa kwa upole.

Makubaliano mazuri hayahitaji kurasa nyingi. Yaseme gari gani likae wapi, mpaka saa ngapi, nani anatangulia kutoka asubuhi ili gari lake lilale upande wa nje, na wageni waegeshe wapi. Wageni msiwapitie juujuu, maana sherehe moja inaweza kuvunja utaratibu wa mwaka mzima. Anayetarajia wageni atoe taarifa mapema. Na matengenezo ya njia, kokoto au zege, mgawane vipi.

Halafu andikeni. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini wapo wanaogopa kuandika wakidhani wakimwandikia jirani "nakuruhusu uegeshe" wamempa ardhi. Hofu hii imekaa kinyume. Chini ya sheria ya Uingereza, na nchi kadhaa zilizorithi sheria zake, mtu anayeitumia ardhi yako waziwazi, bila nguvu na bila ruhusa yako, kwa miaka 20, anaweza kuja kudai kwamba matumizi yale yamekuwa haki. Neno zito hapo ni "bila ruhusa". Ukimpa ruhusa ya maandishi, yenye tarehe, inayoweza kuondolewa, umeonyesha kwamba anakaa hapo kwa hisani yako. Anayenyamaza kwa kuogopa kuudhi ndiye anayejiweka pabaya.

Dada mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: jirani asipotaka hata kufungua mlango, nifanye nini? Dada yangu, mwandikie barua fupi yenye adabu, utaje saa unazohitaji kupita, upendekeze siku mbili tofauti za kukutana, ubaki na nakala. Akikaa kimya, tafuteni mtu wa tatu ambaye nyote mnamheshimu, awe mzee wa eneo, kiongozi wa dini au msuluhishi wa kazi hiyo, na mkutano ufanyike palepale njiani, futikamba ikiwepo. Weka picha zenye tarehe za siku ulizozibwa, bila kumpiga picha yeye wala watoto wake. Ikishindikana yote, ndipo umwone wakili, umpelekee hati, ramani na nakala ya ile barua. Na hata baada ya kumwona wakili, mkikutana getini, endelea kumsalimia.